Mita ya stima na data yako: mwongozo kamili kwa mteja wa Uganda anayedai faragha

Kukataa mita yenyewe ni kesi dhaifu. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wengi hutumia nguvu zao zote hapo, wakafungiwa geti na wakili, wakatoka mikono mitupu. Mita ni mali ya msambazaji, na sheria inamruhusu kupima anachouza. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo ndiyo silaha yetu kubwa, inasema ridhaa ya mtu haihitajiki pale data inapokusanywa ili kutekeleza mkataba alioingia, au chombo cha umma kinapotimiza kazi yake. Ukisimama mbele ya jaji ukasema tu "sikukubali", utajibiwa kwamba ulikubali siku ulipoomba kuunganishiwa stima.

Kesi yenye meno ni nyingine: mita inarekodi nini, mara ngapi, nani anaona, inakaa muda gani, na imeandikwa kwa jina la nani. Hapo sheria iko upande wako, na kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Ujue mita uliyonayo

Usiandike barua kabla ya kutazama mita. Wateja wengi wa nyumbani wana Yaka, mita ya kulipia kabla iliyoanza kufungwa mwaka 2011. Unalipa kwa mobail mani, unapata tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza. Taarifa inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa muuzaji hadi kwenye mita, na inapita kwenye vidole vyako. Mtakumbuka kishindo cha Novemba 2024: saa ya mfumo wa tokeni, inayohesabu dakika tangu 1993, ilikuwa inafikia ukomo tarehe 24, ikabidi watu wabonyeze tokeni maalumu za kuirekebisha mita. Mita inayoongea na ofisi ingerekebishwa kutoka huko huko ofisini, bila mtu kupanda kiti na tochi ya simu mdomoni.

Lakini usidhani Yaka haina data. Kila ununuzi unaacha nambari ya mita, nambari ya simu, kiasi na saa. Mtu anayenunua stima ya shilingi elfu mbili kila jioni, kisha mwisho wa mwezi akanunua ya elfu hamsini, ameshaeleza namna anavyolipwa.

Mita janja ni kitu kingine. Ina laini ya simu au redio ndani yake, hupima matumizi kila baada ya muda mfupi (dakika 15 au 30 ni kawaida), hutuma kipimo bila wewe kujua, na mara nyingi ina swichi inayoweza kukuzimia stima kutoka mbali. Viwanda na wateja wakubwa wamekuwa na mita zinazosomwa kwa mbali kwa miaka mingi. Kwa nyumba za kawaida zinaingia polepole. Tazama uso wa mita: maandishi kama GSM, LTE, PLC au RF, antena ndogo, au taa ya mawasiliano inayomweka. Piga picha inayoonyesha nambari ya mita vizuri. Barua zako zote zitategemea picha hiyo.

Kwa nini dakika 15 ni jambo kubwa

Afisa wa kampuni atakwambia, "Ni yuniti tu, mzee." Si yuniti tu. Katika miaka ya 1980 mtafiti George Hart wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kwamba ukitazama mkondo wa stima unaoingia nyumbani, unaweza kutambua kifaa gani kimewashwa na lini, bila kuingia ndani. Mwaka 1989 yeye mwenyewe aliandika kuonya kwamba mbinu hiyo inaweza kugeuzwa kuwa upelelezi.

Chukua nyumba moja ya Kibuli, Kampala. Mwezi wa Ramadhani, kila siku saa kumi za usiku, jiko la stima linawaka kwa nusu saa, kisha kimya. Mwezi mwingine hakuna. Kipimo hicho kimetaja dini ya wenye nyumba. Sasa weka karibu yake nyumba yenye mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua usiku, na nyingine ambayo friji tu ndiyo inayokula stima tangu Ijumaa, maana yake hakuna mtu. Sheria yetu ya 2019 inaweka imani ya dini, afya na taarifa za fedha kwenye kundi la data nyeti, lenye ulinzi mkali zaidi. Hoja hii itumie. Sijaona wateja wengi wakiitumia, na ni hoja ambayo kampuni hupata taabu kuijibu.

Siku mafundi wanapofika

Mafundi wana ngazi na orodha ya nyumba za kumaliza kabla ya jioni, kwa hiyo usiwafanye adui. Mazungumzo mazuri ni mafupi:

"Mama, tumetumwa kubadilisha mita."

"Karibuni wanangu. Nionyesheni vitambulisho na karatasi ya kazi, halafu mnisubiri nimwite mwenyekiti."

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hana mamlaka juu ya stima, ila ni shahidi ambaye ofisi zote zinamjua, na matapeli wanaojifanya mafundi humkimbia. Akishafika, andika nambari ya mita ya zamani, yuniti zilizobaki, nambari ya lakiri, kisha nambari ya mita mpya. Angalia kama mita mpya ina alama ya uhakiki ya shirika la viwango, UNBS, ambalo ndilo linalohakiki mita za stima kwa mujibu wa sheria ya vipimo. Piga picha zote mbili.

Ukipewa fomu ya kusaini, soma. Pembeni ya sahihi yako andika: "Nimepokea mita. Sikubali data itumike kwa jambo lolote zaidi ya kupima na kutoza stima." Maneno hayo hayafungi mtu kama mkataba, lakini yanathibitisha kwamba ulipinga tangu siku ya kwanza, na miezi sita baadaye hakuna atakayesema ulikaa kimya.

Usikate lakiri, usiiguse waya, usifunge mita kwa mabati ili mawimbi yasipite. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022 yameongeza sana adhabu kwa wizi wa stima na uharibifu wa vifaa vyake. Ukigusa mita, kesi yako ya faragha inageuka kuwa kesi ya jinai ambayo mshtakiwa ni wewe.

Barua ya kwanza: nionyesheni mlicho nacho

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Sheria ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuuliza kama kampuni ina data yake, kuelezwa ni data gani, na kujua waliopewa. Kampuni ina siku 30 za kujibu. Haki hii haiulizi uraia: Mkongomani aliyepanga Katwe, Mkenya mwenye duka Busia au mkimbizi mwenye kitambulisho chake anaweza kuidai, kwa sababu data imekusanywa ndani ya Uganda. Na ibara ya 27 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake, nayo haikusema "raia".

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi, lakini ofisini barua itasomwa haraka zaidi ikiwa kwa Kiingereza. Mtafute mwanao aliyesoma akuandikie, yaliyomo yawe haya:

"Mimi ni mteja wa mita nambari (andika), iliyofungwa tarehe (andika) katika kijiji cha (andika). Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, naomba: nakala ya data yote inayohusu mita hii na nambari yangu ya simu, maelezo ya mita inapima kila baada ya dakika ngapi na inatuma mara ngapi, majina ya kampuni na ofisi zote zilizopewa data hiyo, pamoja na muuzaji wa mfumo na mawakala wa malipo, nchi ambako data inahifadhiwa, muda itakaokaa, na kama kulifanyika tathmini ya athari kwa faragha kabla ya mita kufungwa, nakala yake. Naomba pia kuambiwa kama polisi au chombo chochote cha usalama kimewahi kuomba data ya mita hii, na kwa amri ya nani."

Kipengele cha tathmini usikiache. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinadai ifanyike pale uchakataji wa data unapoweza kuwa na hatari kubwa kwa haki za watu. Kampuni ikisema haikuiona hatari, imejifunga kuieleza hoja hiyo mbele ya ofisi inayosimamia ulinzi wa data. Ikisema ilifanya, itoe.

Ongeza swali moja ambalo ni la Uganda hasa. Kampuni iitwayo Umeme ilisambaza stima kuanzia Machi 2005 hadi 31 Machi 2025, kisha kazi ikarudi kwa UEDCL ya serikali. Uliza: rekodi zangu za miaka hiyo zilihamishwaje, na nakala zipi zilibaki kwa kampuni iliyoondoka? Una haki ya kujua.

Mabadiliko hayo yamekupa mlango wa pili. UEDCL ni chombo cha umma, kwa hiyo Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inaigusa moja kwa moja. Kwa sheria hiyo, raia anaweza kuomba mkataba wa ununuzi wa mita au sera ya kuhifadhi data, na jibu litoke ndani ya siku 21. Iandike kama barua ya peke yake kwa mkurugenzi mkuu, usiichanganye na ile ya kwanza. Ukizichanganya, karani atajibu nusu na kufunga faili.

Peleka nakala mbili kwa mkono, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Mtu wa mapokezi akikataa kugonga, tuma kwa barua pepe siku hiyo hiyo na utaje jina la ofisi uliyofika na saa. Siku zinahesabiwa kuanzia hapo, na mtu asiye na muhuri hana siku.

Barua ya pili: acheni hili

Ukishapata jibu, au siku 30 zikipita kimya, andika kudai wasimamishe uchakataji unaokudhuru au kukutia katika mfadhaiko usio wa lazima. Hapa wana siku 14 kukujibu kwa maandishi kama wametii, wanakusudia kutii, au wanakataa na kwa sababu gani.

Omba kitu kinachowezekana. Ukisema "ng'oeni mita", utapata hapana. Lakini kampuni ambayo lazima ikutoze kwa mwezi haihitaji kipimo cha kila dakika 15 chenye jina lako. Sheria inataka data ichukuliwe ile tu inayohitajika kwa kusudi lililotajwa. Kwa hiyo omba usomaji wa mara moja kwa mwezi au kwa siku. Vipimo vya kina vifutwe au vitenganishwe na jina. Nambari yako ya simu isitumike kwa matangazo. Na usizimiwe stima kwa uamuzi wa kompyuta peke yake bila mtu kuutazama. Hilo la mwisho linatajwa na sheria yenyewe, na wenye mita za swichi ya mbali walishikilie sana.

Mita iko kwa jina la mwenye nyumba

Kampala nzima imejaa mizigo, vyumba vya safu vinavyotumia mita moja. Mita ina jina la landlodi, wapangaji wanachangia, au kila mmoja ana sabmita yake ya ukutani. Wengi hudhani mpangaji hana la kusema. Anayo. Data binafsi ni taarifa inayoweza kumtambulisha mtu, awe ndiye aliyesaini mkataba au la. Ukinunua tokeni kwa simu yako, ununuzi ule ni wako.

Shida ni ushahidi. Weka ujumbe wote wa manunuzi, mkataba wa nyumba, na barua ya mwenyekiti inayosema unaishi pale tangu lini. Kama landlodi ana programu kwenye simu inayomwonyesha matumizi ya kila chumba saa kwa saa, yeye naye amekuwa mkusanyaji wa data, na anapaswa kujibu maswali yale yale. Mwendee kwa adabu kwanza: "Mzee, naomba kujua nani anaona mita ya chumba changu." Ukianza na vitisho vya sheria utapewa notisi ya kuhama kabla ya jibu.

Mita ya pamoja ina hasara nyingine, hii ya pesa. Bei nafuu ya yuniti 15 za kwanza za mwezi hutolewa kwa mita. Vyumba sita kwenye mita moja vinagawana yuniti 15 hizo, na yuniti zinazozidi zinalipiwa bei ya juu zaidi. Kuomba mita yako mwenyewe kunaongeza data inayokuhusu, ila kunapunguza bili. Wengi wangechagua bili, nami siwalaumu.

Mlango upi wa kugonga

Watu hupoteza miezi kwa kupeleka jambo sahihi kwenye ofisi isiyo yake.

Likiwa la kipimo, bili, kukatiwa au kubadilishiwa mita, anza na msambazaji mwenyewe kwa maandishi, kisha mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA. Usiporidhika, liko Baraza la Migogoro ya Umeme, EDT, lililoundwa na Sheria ya Umeme ya 1999. Linasikiliza migogoro ya sekta nzima isipokuwa jinai, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Ukishuku mita inakimbia, dai ipimwe kwanza. Baraza litataka kuona matokeo hayo kabla ya hotuba yako.

Likiwa la data, kwenda kwa ERA ni kuzunguka tu. Nenda Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, PDPO, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Kabla ya kwenda, tazama kwenye rejista yake kama msambazaji, wakala wa malipo na kampuni ya programu wamejisajili; usajili huhuishwa kila mwaka, na usajili uliopitwa na wakati ni lalamiko tosha. Wapo wanaosema ofisi hii haina makali. Mwaka 2021 NITA-U ilichunguza SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda, na kukuta imeipa kampuni ya nje, CleverTap, data za wateja bila kuwaambia. Julai 2025 PDPO iliamua lalamiko la Waganda wanne dhidi ya Google na kuiamuru ijisajili nchini. Watu wanne tu, wenye karatasi zilizopangika. Kampuni ikitiwa hatiani mahakamani, faini inaweza kufika asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Mita ya maji ya kulipia kabla ina njia nusu nusu: PDPO ni ile ile, lakini ERA na baraza lake hawahusiki. Kwa kipimo na bili, anza na shirika la maji, NWSC, kisha idara ya udhibiti ya wizara ya maji.

Unapoandika kwa ofisi hizi, taja haki kwa jina lake na usitegemee nambari ya kifungu pekee. Sheria za Uganda zilipangwa upya mwaka 2024, vifungu vikahama nambari. Barua nyingi za mtandaoni za kunakili bado zina nambari za zamani, na wakili wa upande wa pili hufurahi akiziona.

Ukifika mahakamani

Ziko njia tatu. Fidia kwa hasara au mfadhaiko uliotokana na kuvunjwa kwa sheria ya data ni dai la kawaida, ila kampuni inaweza kujitetea kwamba ilichukua tahadhari zote zinazostahili. Dai la haki ya Katiba kwa ibara ya 50 linaongozwa na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, inayokataza shauri kutupwa kwa kosa la utaratibu tu. Inamfaa asiye na pesa nyingi za wakili. Tume ya Haki za Binadamu nayo hupokea malalamiko ya namna hii.

Njia ya tatu ni kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma, kwa mfano amri ya kufunga mita janja mtaa mzima bila kusikiliza watu. Ibara ya 42 inadai utawala utende kwa haki. Mahakama inaweza kuufuta uamuzi au kumlazimisha afisa atimize wajibu wake.

Kesi za nje zitakusaidia kama mfano, hazimfungi jaji wetu. Ya kuisoma ni ya mji wa Naperville, jimbo la Illinois. Agosti 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kukusanya vipimo kila dakika 15 ni upekuzi wa nyumba kwa maana ya katiba yao, kisha ikaona upekuzi ule ni wa haki kwa sababu mji haukuwa unatafuta wahalifu. Ikaonya kwamba muda ungekuwa mfupi zaidi, au data ingefikiwa kirahisi na polisi, jibu lingeweza kuwa jingine. Wakazi walishindwa, lakini kipimo cha hukumu ile ndicho unachokitaka: dakika ngapi, na polisi wanaingiaje. Uholanzi jambo hili liliamuliwa bungeni: mwaka 2009 seneti ilikataa kumlazimisha kila mtu kufunga mita janja, faragha ikiwa sababu kubwa, na serikali ikarudi na sheria inayomruhusu mteja kukataa.

Angalia kalenda. Ombi la mapitio linatakiwa kuletwa ndani ya miezi mitatu tangu sababu ilipotokea, na tangu 2019 kanuni zinadai uonyeshe umemaliza kwanza njia nyingine zilizowekwa na sheria. Barua ya siku 30 na ile ya siku 14 peke yake zinakula nusu ya muda huo. Kwa hiyo ile ya kwanza iandikwe wiki hiyo hiyo mita inapofungwa, na lalamiko la ERA au PDPO lianze kabla ya mwezi wa pili kuisha, hata kama kampuni bado inakwambia faili lako linashughulikiwa.